Mhandisi wa Ujenzi Asomeshwe Nini, na kwa Ajili ya Nani?

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa bado likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine lilianguka Kariakoo wakati watu wakiwa ndani katika shughuli zao za kila siku, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kila msiba wa namna hii unapotokea, wananchi huuliza: mhandisi alikuwa wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini nyuma yake liko swali jingine linaloulizwa mara chache, nalo ni hili: mhandisi huyo hutengenezwa vipi, kwa masomo gani, na kwa ajili ya nani?

Wengi hudhani kwamba jibu la swali hili la pili ni kazi ya maprofesa peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya wilayani anao mkono wake katika jambo hili. Ofisa wa halmashauri anayempokea mwanafunzi wa chuo kwa mafunzo ya kazi anao mkono wake. Mtumishi wa umma anayetia sahihi hati ya malipo ya kalvati iliyokwisha kubomoka naye anao mkono wake. Shahada ya uhandisi wa ujenzi hugharimiwa na jasho la umma, na matunda yake, yawe matamu au machungu, huliwa na umma huo huo. Ni wajibu basi kwa kila anayehusika kufahamu ni nini kinachofundishwa ndani ya miaka ile minne, na kwa nini.

CHIMBUKO LAKE

Kabla ya mwaka 1973, kijana wa Tanzania aliyetaka kusomea uhandisi alilazimika kwenda Nairobi, ambako ndiko kulikokuwa na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, au kuvuka bahari. Chuo kile cha pamoja kilivunjwa mwaka 1970, na Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, kikianza na fani tatu: ujenzi, mitambo na umeme.

Haja yenyewe ilikuwa dhahiri. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa maendeleo, ulioanza mwaka 1964, ulikuwa umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1980 Taifa liwe limejitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu. Wakati kitivo kinafunguliwa, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kwa msaada wa China, na maelfu ya Watanzania na Wazambia walikuwa wakichimba, wakibeba na kusimika mataruma bega kwa bega na wataalamu kutoka nje. Reli ile ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mgeni hujenga, akakabidhi, akarudi kwao. Anayebaki na daraja wakati wa masika ni mwenyeji. Ikiwa mwenyeji hajui kwa nini nguzo ya daraja imechimbiwa kina fulani, atajuaje kwamba maji yanaila chini?

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya shahada hii. Ilianzishwa ili Taifa liweze kutunza lilicho nacho, kukagua linachojengewa, na kujenga linachokihitaji bila kusubiri ruhusa ya akili ya mtu mwingine. Shabaha yake haikuwa kuongeza idadi ya watu wenye majoho.

MALENGO MATATU

Malengo ya masomo haya yanaweza kukusanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni maarifa: mwanafunzi azielewe sheria za maumbile zinazotawala uzito, maji, udongo na vifaa. La pili ni ustadi: aweze kubuni, kuchora, kukadiria gharama, kusimamia kazi na kuipima. La tatu ni dhamira: ajue kwamba kila mstari anaouchora utakanyagwa, utapitwa juu yake au utalaliwa chini yake na mtu asiyemfahamu, mtu ambaye hana njia ya kuukagua mstari ule ila kumwamini aliyeuchora.

Mafungu haya matatu hayatengani. Mwenye maarifa bila ustadi huwa msomi wa makaratasi. Mwenye ustadi bila maarifa hukariri kazi ya jana, na hali ya leo ikibadilika huanguka nayo. Na mwenye vyote viwili bila dhamira ndiye wa hatari zaidi, kwani anajua nondo ngapi zinaweza kupunguzwa bila mtu kuona.

MASOMO YA MIAKA MINNE

Mwaka wa kwanza huanza na hisabati, na wengi hulalamika. Huuliza, mjenzi wa barabara ana haja gani na kanuni za mabadiliko na majumlisho? Jibu ni kwamba mto hauongezeki kwa hatua za ngazi, wala boriti haipindi kwa mistari iliyonyooka. Mambo haya hubadilika kidogo kidogo, na hisabati ndiyo lugha pekee inayoweza kuyasema kwa usahihi. Pamoja na hisabati hufuata elimu ya nguvu na mizani yake, uchoraji wa kihandisi, na kazi za karakana. Katika karakana mwanafunzi hushika timazi, pima maji, msumeno na karai. Mikono iliyozoea kalamu hupata malengelenge, na ni vizuri ipate. Msimamizi asiyejua uzito wa ndoo ya zege hawezi kupanga kazi ya siku moja.

Mwaka wa pili huingia katika tabia za vifaa. Hapa ndipo mwanafunzi hujifunza siri ambayo wapita njia wengi hawaijui: zege ni shujaa likigandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Nguvu yake ya kustahimili mvutano ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kustahimili mgandamizo. Boriti iliyowekwa juu ya kuta mbili ikilemewa, upande wake wa juu hugandamizwa na wa chini huvutwa. Kwa hiyo nondo kuu huwekwa chini. Lakini kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta wa ghorofa, kisicho na nguzo upande wa mbele, mambo yake ni kinyume: upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo lazima ziwe juu. Fundi aliyezoea kuweka nondo chini, akafanya hivyo kwenye kibaraza kwa nia njema kabisa, amewatega wenye nyumba. Kibaraza kitasimama kwa zege tupu siku kadhaa au miezi kadhaa, kisha siku watu watakapojaa juu yake kutazama arusi ikipita, kitakatika.

Mfano huo mmoja unatosha kueleza tofauti ya kufahamu na kuiga. Fundi alikuwa ameiga. Mhandisi hana budi afahamu, kisha amfahamishe fundi.

Hali ni hiyo hiyo katika kuchanganya zege. Saruji huhitaji maji ili ishike, lakini maji yanayozidi yale inayoyahitaji hayapotei bila kuacha alama. Hukauka na kuacha vitundu vidogo vidogo ndani ya zege, na kila kitundu ni upungufu wa nguvu. Kibarua hupenda zege jepesi kwa sababu ni rahisi kulimwaga na kulisambaza, na kila ndoo ya ziada humwondolea jasho. Msimamizi aliyekaa kivulini haoni. Ndiyo maana wanafunzi hufundishwa kupima ulaini wa zege kabla halijamwagwa, kutengeneza vipande vya mraba vya majaribio, na kuvivunja kwenye mashine baada ya siku 28 ili kuthibitisha nguvu yake. Hufundishwa pia kwamba zege lililomwagwa lisipomwagiliwa maji siku zinazotakiwa, halitafikia nguvu iliyokadiriwa, hata kama saruji ilitimia.

Katika mwaka huo huo huja upimaji wa ardhi, jiolojia na elimu ya udongo. Tanzania ni kitabu kikubwa cha udongo. Pwani kuna miamba ya matumbawe na mchanga. Bara kuna changarawe nyekundu inayofaa barabara, na kuna udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hufura na jua likiwaka husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo kwa msingi wa kawaida huinuliwa na kushushwa kila mwaka hadi kuta zake zifanye nyufa za ngazi. Walimu wengi waliowahi kupangwa katika shule zilizojengwa mbugani wanazifahamu nyufa hizo. Ramani moja ya darasa haiwezi kufaa nchi nzima, hata ikiwa imepigwa muhuri makao makuu, maana udongo hausomi muhuri.

BARABARA, MTO NA MAJI YA KUNYWA

Mwaka wa tatu mwanafunzi hukutanishwa na mambo ambayo kila mtumishi wa serikali hukutana nayo safarini. Chukua barabara. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli ya gari kwa barabara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ikibeba mzigo mara mbili, huiharibu barabara si mara mbili, bali kiasi cha mara 16. Hata ikizidisha asilimia 20 tu, madhara yake ni mara mbili. Kwa hesabu hiyo, msimamizi wa mizani anayefumba macho kwa lori moja amefanya zaidi ya kusamehe faini. Ameitafuna barabara ambayo mkulima alitarajia apitishie pamba yake miaka 15 ijayo.

Tena chukua mto. Wahandisi husema daraja limebuniwa kwa mafuriko ya miaka mia moja, na viongozi wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba mafuriko hayo yakishatokea, Taifa linaweza kulala miaka 100. Maana yake si hiyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika mia ya kutokea mafuriko makubwa kiasi hicho au zaidi. Kwa daraja linalotakiwa kudumu miaka 50, nafasi ya kupatwa na mafuriko hayo angalau mara moja katika uhai wake ni karibu asilimia 40. Hiyo ndiyo hesabu anayoifanya mwanafunzi wa haidrolojia, na hiyo ndiyo hesabu ambayo ofisa wa mipango anapaswa kuielewa anapopunguza upana wa kalvati ili fedha zitoshe.

Wala jambo hili si la vitabuni. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga na kwingineko. Mabasi yalikwama, bidhaa zilikwama, wagonjwa walikwama. Kalvati moja likisombwa, mikoa ya kusini huwa kama kisiwa. Takwimu za mvua za miaka 30 iliyopita hazitoshi tena kuwa mwongozo pekee wa miaka 30 ijayo, kwa sababu hali ya hewa inabadilika. Masomo ya haidrolojia hayana budi yabadilike nayo.

Mwaka wa nne hukusanya yote. Mwanafunzi husoma misingi ya majengo, maji safi na maji taka, usafiri, mikataba, makadirio ya gharama na usimamizi wa kazi, kisha hupewa mradi wake mwenyewe aubuni toka mwanzo hadi mwisho. Katika maji ndipo uhandisi wa ujenzi unapokutana na afya ya watu waziwazi. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji ya visima na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kupita kiasi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na wanaoyanywa kwa miaka mingi huweza kupata ulemavu wa mifupa. Mhandisi anayechimba kisima huko, akaona maji yanatoka kwa wingi, akapiga picha na kuondoka bila kupima kilichomo, hajawaletea watu maji. Amewaletea maradhi kwa bomba.

MAFUNZO YA KAZI YASIGEUZWE KUWA SHERIA YA KARATASI

Waanzilishi wa kitivo cha Dar es Salaam walikuwa na busara moja kubwa. Waliona kwamba mwanafunzi asiachwe darasani miaka yote mfululizo, bali kila mwaka aende kazini wiki kadhaa: katika viwanda, katika miradi ya barabara, katika ofisi za maji na za ujenzi. Fikra hiyo ilikuwa ndugu wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Haiko mbali pia na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kijana aifahamu kazi kabla hajaingia chuo kikuu. Sharti lile la Musoma lilikwisha kuachwa zamani, lakini kiini chake kimebaki katika mafunzo kwa vitendo.

Tatizo ni kwamba kiini hicho hakitendewi haki. Mara nyingi mwanafunzi hufika katika ofisi aliyopangiwa akiwa na barua mkononi na hamu moyoni, akakuta hakuna aliyejiandaa kumpokea. Siku ya kwanza huambiwa asubiri. Siku ya pili hutumwa kutoa nakala za karatasi. Wiki ya tatu anajua kila anayekunywa chai ya maziwa na kila anayekunywa ya rangi, lakini hajaona mtaro mmoja ukichimbwa. Mwishoni kitabu chake cha kumbukumbu hujazwa kwa siku moja, sahihi hutiwa, muhuri hupigwa, na chuo hupokea taarifa kwamba mwanafunzi amepata uzoefu. Mwanafunzi huyo amejifunza kitu, lakini si uhandisi. Amejifunza kwamba sahihi inaweza kutiwa chini ya jambo ambalo halikufanyika.

Somo hilo halisahauliki. Miaka michache baadaye, akiwa msimamizi wa mradi, ataletewa fomu inayosema kwamba vipande vya zege vimepimwa na nguvu yake imetosha. Mkono uliozoezwa kutia sahihi bila kuona utatia sahihi bila kuona. Basi watu wanapouliza alikuwa wapi mhandisi siku jengo lilipoanguka, sehemu ya jibu huenda iko katika ofisi ile iliyomfundisha kuchemsha chai.

Ziko sababu zinazotolewa. Ofisi hazina magari ya kuwapeleka vijana kwenye miradi. Wahandisi wenyewe ni wachache na kazi ni nyingi. Idadi ya wanafunzi imeongezeka kwa kuwa vyuo vinavyofundisha uhandisi navyo vimeongezeka: baada ya Dar es Salaam viko leo vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Sababu hizi ni za kweli na zisibezwe. Lakini hazielezi kwa nini mwanafunzi asipewe hata kazi moja iliyo kamili: apime mtaro mmoja wa mjini, achore, akadirie, atoe taarifa, na mhandisi wa halmashauri amkosoe kwa kalamu nyekundu. Kazi hiyo haihitaji gari. Inahitaji mkubwa wa kazi anayekumbuka kwamba naye alifundishwa.

Sheria yenyewe inatambua kwamba shahada peke yake haimalizi safari. Chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi miaka isiyopungua mitatu kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi hiyo imekuwa na mpango maalumu wa kuwalea wahitimu kazini. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini malezi ya baada ya shahada hayawezi kuziba kirahisi pengo la malezi yaliyokosekana ndani ya shahada. Samaki mkunje angali mbichi.

WANAOSEMA NADHARIA IPUNGUZWE

Wapo wanaosema kwamba dawa ni kupunguza nadharia na kumfanya mhandisi awe fundi. Hoja hii inavutia, hasa kwa mtu aliyemwona mhitimu akibabaika mbele ya tofali. Hata hivyo ni hoja yenye kasoro. Taifa lina mafundi mchundo, lina mafundi sanifu, na linahitaji wengi zaidi. Uwiano unaotajwa mara nyingi ni mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo 25. Kumgeuza mhandisi kuwa fundi wa ishirini na sita si kuongeza nguvu, ni kuondoa kichwa na kuongeza mkono. Jambo linalotakiwa ni mhandisi ambaye nadharia yake imeshuka mpaka chini, ikagusa karai na koleo, kiasi kwamba fundi akimwuliza kwa nini, anaweza kujibu.

Na ajibu kwa lugha gani? Hili ni jambo linalopuuzwa mno. Shahada hufundishwa kwa Kiingereza toka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Michoro huandikwa kwa Kiingereza. Mikataba huandikwa kwa Kiingereza. Lakini nondo hukatwa kwa Kiswahili, zege huchanganywa kwa Kiswahili, na onyo la hatari hupigwa kwa Kiswahili. Kati ya mchoro na kazi pana bonde, na juu ya bonde hilo mara nyingi hakuna daraja isipokuwa kubahatisha. Mafundi wameunda msamiati wao wa kazi: wanayo lenta, wanayo ringi, wanayo timazi. Mhandisi kijana asiyeyajua maneno hayo huonekana kama mgeni katika nchi yake, na fundi mwenye haya hutikisa kichwa kukubali agizo ambalo hakulielewa. Kutikisa kichwa huko ndiko kunakoweka nondo za kibaraza chini badala ya juu.

Vyuo visingepoteza kitu kama vingemtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aeleze mradi wake kwa Kiswahili sanifu mbele ya mafundi na viongozi wa kijiji, akaulizwa maswali, na majibu yake yakahesabiwa katika alama zake. Anayeweza kuifafanua hesabu yake kwa mwenye kijiji bila kuipotosha ndiye aliyeielewa kweli.

WALIMU NA MISINGI

Walimu wa sekondari hawana budi kuhesabiwa miongoni mwa wajenzi. Mwanafunzi huingia uhandisi akitokea katika fizikia na hisabati za kidato cha sita, na huko hufika akitokea katika hisabati ya kidato cha nne, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa yenye ufaulu wa chini kabisa nchini. Mwalimu anayewafanya wanafunzi wakariri kanuni ya mizani bila kuwaonyesha hata rula iliyowekwa juu ya kalamu anachimba msingi mwembamba. Mbao mbili, kamba, mawe na ndoo ya maji vinatosha kuonyesha mengi. Shule inayojenga choo au tangi la maji ya mvua inaweza kugeuza kazi hiyo kuwa somo: wanafunzi wapime eneo la paa, wapime mvua, wakadirie lita, wachague ukubwa wa tangi. Kwa paa la meta za mraba 100, mvua ya milimita 10 huteremsha lita 1,000. Mtoto aliyeikokotoa hesabu hiyo na kuona tangi likijaa hawezi tena kuamini kwamba hisabati ni adhabu.

Ni muhimu pia kwamba wasichana wasiambiwe, kwa maneno wala kwa kicheko, kwamba ujenzi si kazi yao. Anayetembea kilometa nyingi na ndoo kichwani ndiye anayejua zaidi bomba linatakiwa kufika wapi.

DENI LA MHITIMU

Nchi imefika mbali tangu mwaka 1973. Daraja la Mkapa lilivuka Rufiji mwaka 2003. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya jumla ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Treni ya umeme katika reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi juu ya Ziwa Viktoria, lilifunguliwa Juni 2025. Katika kazi hizi wahandisi Watanzania walikuwapo kwa wingi ambao haungewezekana miaka 50 iliyopita. Lakini makampuni yaliyoongoza ujenzi wa kazi hizo kubwa yalikuwa ya kigeni. Kwa hiyo lengo la mwaka 1964 limefikiwa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu zaidi, kwani inadai zaidi ya idadi ya wahitimu. Inadai ubora wao.

Tena utukufu wa madaraja makubwa usiwafiche watu yale madogo. Kwa kila daraja lenye jina la kiongozi yako makalvati mengi yasiyo na jina, na mtoto wa shule hupita juu ya hayo yasiyo na jina. Kalvati lisilopimwa, darasa lililojengwa juu ya mbuga bila kuchunguza udongo, kisima kisichopimwa floraidi: hayo hayaandikwi magazetini mpaka yaue.

Basi yafanyike mambo yaliyo mikononi mwa watu. Ofisi za umma zinazowapokea wanafunzi ziteue mtu mmoja anayewajibika kwao, na sahihi yake katika kitabu cha kumbukumbu iwe na uzito sawa na sahihi ya hati ya malipo. Vyuo vimtume mhadhiri kuwakagua vijana kazini, naye asiende siku ya kuaga tu. Walimu waishushe hisabati kutoka ubaoni hadi uwanjani. Wahandisi waliokwisha kusajiliwa wamkumbushe kijana kwamba kiapo chao walikila kwa ajili ya watu, na kwamba mwenye jengo, hata awe tajiri namna gani, hana mamlaka juu ya sheria ya uzito.

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza leo atakuwa akitia sahihi michoro miaka minane ijayo. Nani atalala chini ya mchoro huo hajulikani. Huenda akawa mtoto wa yule ofisa aliyemtuma chai.